Miezi Niliyomsikilizia Baba Redio

Mwaka ule wa korona, ugonjwa wenyewe ulichelewa kufika kwetu Boito, lakini habari zake hazikuchelewa. Shule zilipofungwa nilirudi nyumbani kutoka mjini nilikokuwa nafundisha, nikamkuta baba amehamia kwenye stoo ya mahindi. Alikuwa ameingiza humo godoro, blanketi na redio. Alikuwa anakohoa. Kilikuwa kikohozi kile kile alichotoka nacho kiwandani baada ya miaka mingi ya kuvuta vumbi la majani chai, na humrudia kila baridi inapoanza. Safari hii aliamua kuwa ni korona, akajitenga ili asiniue mimi bintiye nitakapofika, ingawa mimi ndiye niliyetoka mjini. Mama alikuwa ameshafariki, kwa hiyo tulikuwa wawili tu, mmoja nyumbani na mwingine stoo.

Redio ilikaa kwenye stesheni ya Kipsigis, lugha yetu, tangu alfajiri. Alasiri ilitoa hesabu ya serikali: walioambukizwa, waliolazwa, waliokufa. Lakini hesabu haikumsumbua baba sana, maana idadi haina ukoo. Kilichommaliza ni matangazo ya vifo.

Huku kwetu tangazo la kifo redioni ni mwito. Wafiwa hawazunguki nyumba kwa nyumba. Ukishasikia jina la marehemu na mahali atakapozikwa, umeitwa, na usipoonekana utaulizwa. Baba alikuwa mtu wa kuitika. Alikuwa na koti lake la matanga na gambuti za matope, na Jumamosi nyingi aliondoka asubuhi, akashika koleo, akatupa udongo, akala wali wa wafiwa, akarudi akalala vizuri. Sasa serikali ilikuwa imepunguza watu makaburini na maiti zilizikwa haraka haraka. Mwito uliendelea kuja, njia ya kuuitikia ikafungwa. Aliyapokea majina kuanzia Kipkelion hadi huku kwetu, akakaa nayo stoo, asiweze kumzika hata mmoja.

Nilimfokea kuhusu hiyo redio huku kidole changu kikipandisha na kushusha video za wagonjwa wa nchi za mbali. Nyani haoni kundule. Tofauti yetu ni kwamba mimi nilikuwa nalala.

Mwezi wa pili wa kujitenga kwake aliacha mursik, maziwa ya kibuyu anayoyapenda kuliko chakula chochote, kwa sababu kibuyu hushikwa na mikono. Kisha akaacha ugali. Majani chai ya shamba letu yalipita kipimo yakawa magumu, na hakuna karani wa kituo cha kununulia ambaye angeyapokea. Alikaa mlangoni pa stoo akijipima pumzi: anavuta, anahesabu, anavuta tena. Siku moja nilimuuliza kwa nini ng'ombe hawajapata nyasi. Akaniambia, "Wape wewe. Mimi ni wa kwenda tu." Alisema bila huzuni yoyote, na hapo ndipo nilipoogopa kweli. Mama yangu tulimzika. Sikutaka kumzika huyu pia kwa sababu ya redio.

Nikaichukua. Nilimwambia imeharibika na fundi wa sokoni amefunga kibanda. Niliificha chumbani kwangu, na kila siku saa ya taarifa ya mchana na matangazo ya vifo nilifunga mlango nikaisikiliza kwa sauti ya chini. Kisha nilimpelekea baba zile habari nilizoona zinamfaa, nikisema nimezisoma kwenye simu: mvua inakuja, mgonjwa fulani amepona, shule huenda zikafunguliwa. Akiniuliza, "Na watu?" nilimjibu kwamba watu ni wazima.

Dawa ilifanya kazi. Baada ya wiki mbili alirudi kulala nyumbani. Alinyoa ndevu, akakisukutua kibuyu mwenyewe. Akashika panga akaipunguza ile chai iliyozidi, na ilipochipua akajifunga kikapu mgongoni. Niliwapigia ndugu zangu simu nikawaeleza maendeleo ya mgonjwa kama daktari. Nilijisikia mwerevu, sitaficha.

Kiwandani baba alikuwa amefanya kazi maisha yake yote na mtu mmoja aliyetoka upande wa ziwa. Walizungumza Kiswahili chao cha kiwandani, nusu kazi, nusu matusi ya kirafiki. Alipostaafu, mwenzake huyo alijenga Soin, huko chini kwenye joto, lakini mama alipofariki alipanda hadi kwetu akakaa siku tatu, na kaburi alilichimba kwa mikono yake.

Alhamisi moja redio ilimtaja. Tangazo lilikuwa la Kipsigis, lugha ambayo hawaizungumzi nyumbani kwake. Walikuwa wametafuta mtu wa kuwaandikia, wakalipeleka kwenye stesheni yetu ili, mtangazaji alisema, habari ziwafikie wenzake wa kiwandani, na hasa rafiki yake wa Boito. Mazishi kesho, saa nne asubuhi.

Nje baba alikuwa anachuma huku akipiga mluzi. Sikuwa nimemsikia akipiga mluzi tangu msiba wa mama. Nilizima redio. Alipoingia kunywa chai aliniuliza habari za watu, nami nikamjibu kama kawaida.

Wiki tatu baadaye mwanamke mmoja kwenye foleni ya kituo alimpa baba pole ya rafiki yake aliyetangazwa redioni. Alirudi nyumbani kabla majani yake hayajapimwa. Baba akitaka kunigombeza huacha Kipsigis, hushika Kiswahili, kana kwamba anaongea na mtu wa ofisi.

"Hiyo redio ilikuwa mzima?"

"Ndiyo, baba."

"Ukasikia wakitangaza?"

"Nilisikia."

"Wakatangaza na Kipsigis?"

"Kwa Kipsigis."

Alikaa chini kwenye ngazi. "Hao watu walitafuta lugha yangu ndio wanipate. Na mimi sikuenda. Hata kusimama tu kwa barabara, nje ya fensi, sikusimama."

"Baba, ulikuwa unakufa." Nilikuwa nimeliandaa jibu hilo kwa wiki tatu, na mpaka leo naamini lilikuwa kweli.

"Kama ningekuwa kitandani wangeelewa," alisema. "Sasa nitawaambia nini? Ati nilikuwa nachuma majani?"

Niliona aibu, na bado ninayo.

Njia zilipofunguliwa tulishuka Soin pamoja, yeye ndani ya koti lake, mimi nikibeba sukari na majani chai. Mjane alitutolea viti chini ya paa la mabati. Alimtazama baba kwa muda mrefu, kisha akamshika mikono yote miwili, ingawa wakati huo watu walikuwa bado hawashikani.

"Shemeji, si tulijua na wewe umeenda," alisema. "Hukukuja, tukajua huyo naye amekufa, hakuna kitu ingine ingemzuia. Tuliwalilia wawili."

Baba hakunitazama. Alimwambia alikuwa mgonjwa sana, na kwamba ni huyu msichana wake aliyemtunza.