Maji Niliyoyamwaga Kibarani

Usiponiamini, shauri yako. Nimewachoka wanaonisikiliza huku wakitabasamu. Haya yalinipata mchana kweupe, miaka michache baada ya uhuru, na ushahidi ninao mkononi.

Nilikuwa fundi wa rejeta, zile za kupozea maji ya injini, Kibokoni. Nassor alikuwa mtoto wa tajiri kutoka Ganjoni, mwenye gari la mbio na akili za kuku. Gari lilichemka kila alipolikimbiza, na dawa aliyoijua ni kulipiga teke. Mashindano yalikuwa Jumapili. Nikaitoa rejeta yake ndogo, nikakata bati la mbele, nikamtilia kubwa ya lori niliyokuwa nimeizibua na kuilehemu upya.

Ijumaa adhuhuri tukaenda kulijaribu Kibarani. Kwa nini saa hiyo? Kwa sababu watu walikuwa msikitini na barabara ilikuwa tupu. Ndiyo, niliikosa Ijumaa kwa ajili ya gari la mpumbavu. Sasa mpumbavu zaidi ni nani?

Gari lilikwenda, wallahi. Mshale wa joto ulipanda nusu, ukakaa hapo hapo. Tuliposimama nikafungua koki ya chini, maji yatoke yangali moto, yatoke pamoja na uchafu wa kulehemu. Yakateremka mchangani yakifuka. Mamangu hakupata kumwaga maji ya moto chini bila kusema bismillahi, wale wasioonekana wapate kuwaondoa watoto wao. Nilikuwa nikimcheka. Hata siku ile nilikumbuka, nikanyamaza kwa kiburi tu.

Nikasikia salamu nyuma yangu. Mwanamke wa buibui, ametokea upande wa jaani kunakotupwa taka, kusiko na nyumba, amempakata mtoto ndani ya leso. Nikaitikia. Akaifunua leso. Shavu la mtoto lilikuwa limebambuka, linafuka moshi, na lilinuka kutu ya rejeta.

"Mwanangu alikuwa yuwalala hapa," akasema taratibu. "Neno moja tu lalikushinda?"

Akanishika kiganja cha kulia.

"Basi nawe uonje."

Nassor, aliyekuwa ndani ya gari, aliapa kwamba aliniona nikisema peke yangu. Jumapili akashinda, akapewa kikombe, akawaambia watu rejeta ile ni wazo lake. Sikushangaa.

Tangu siku hiyo, maji yoyote yakigusa mkono huu naona yanachemka. Wewe ukiyagusa ni baridi. Ufundi ulinishinda, maana rejeta hupimwa kwa kuizamisha ndani ya pipa la maji, nawe umeishika. Na udhu je? Mara tano kwa siku, hadi leo, natawadha nikisaga meno.

Haya, cheka. Lakini ukimwaga maji ya moto uani kwako, sema bismillahi, kisha ungoje kidogo. Mama mwenye mtoto hanyanyuki upesi.