Mguu wa Anastazia

Siku ya kwanza niliyopewa filimbi sikuipuliza. Ilikuwa mechi ya wasichana wa shule mbili za msingi, kwenye kiwanja cha vumbi nyuma ya ofisi za mkoa hapa Songea. Mistari ilikuwa imechorwa kwa majivu maana chokaa ilikosekana. Mimi nilivaa gauni jeupe la kuazima, nikasimama pembeni kama niliyetumwa kulinda nguo za watu. Wasichana walisukumana, wakavutana, mmoja akakimbia na mpira mkononi kama amekamata kuku wa sikukuu, na mimi kimya. Mapumziko yalipofika, Afisa Utamaduni wa Mkoa, Bwana Ditrick Ngonyani, akanisogelea.

"Mama Skolastika, hiyo shingoni mwako ni nini?"

"Filimbi, mzee."

"Aa. Nilidhani rozari. Basi rozari inavaliwa, hiyo inapulizwa."

Kipindi cha pili nikapuliza mpaka mate yakaijaa, na watoto wa watu wakaanza kuniogopa.

Mimi nilikuwa mhudumu wa ofisi yake. Nilifagia, nilichemsha chai, nilibeba mafaili kutoka chumba hiki kwenda kile. Shule niliishia darasa la nne, misheni. Bwana Ngonyani alinichagua kwa sababu moja tu: mkoa ulikuwa na timu za netiboli nyingi na waamuzi hakuna, na yeye alikuwa amenisikia nikifoka peke yangu na ufagio mkononi kila timu zilipocheza dirishani kwetu. Jioni baada ya kazi alinisomea sheria, nami nikazirudia, kama tulivyofundishwa katekisimu. Zikashika.

Vijana mnaopuliza filimbi leo mna semina na mna viatu. Niwaeleze sisi tulifanyaje. Kabla ya mechi tulikagua kucha. Wachezaji walipanga mstari, wakanyoosha mikono, na mwenye kucha ndefu alikatwa pale pale kwa wembe. Hereni zinavuliwa. Pete ya ndoa isiyotoka inazungushiwa plasta. Rozari nilizikusanya mimi kwenye kitambaa, nikazitunza hadi mwisho wa mchezo, kwa hiyo kila mechi nilikimbia na Bikira Maria wengi mfukoni.

Waamuzi tulikuwa wawili, kila mmoja na nusu yake ya kiwanja. Ukiona kosa kwenye nusu ya mwenzako, unameza. Mwenzangu wa miaka mingi alikuwa Zainabu Mchopa, Myao wa Tunduru, mwanamke mrefu aliyekimbia kiubavu kama kaa, uso kiwanjani, kama inavyotakiwa. Tulihesabu sekunde tatu moyoni, maana mchezaji hakai na mpira zaidi ya hapo. Anayemgusa mwenzake vibaya anasimamishwa pembeni yake mpaka mpira utupwe, kama mtoto aliyekosea mezani.

Lakini kazi yenyewe ilikuwa miguu. Netiboli si mpira wa kukimbia nao. Ukiudaka na mguu mmoja umetua, mguu ule ndio wako. Waweza kupiga hatua kwa ule mwingine, waweza hata kuunyanyua ule wa kwanza. Ila ukiurudisha chini kabla mpira haujatoka mikononi, umevunja sheria, hiyo tunaita hatua, na mpira wanapewa wapinzani wako. Bwana Ngonyani alinikaririsha: "Usitazame mpira, mama. Mpira una watazamaji wengi. Wewe tazama miguu." Nikazoea hivyo, hata kanisani nilijua watu kwa viatu vyao.

Timu bora ya mkoa wakati huo ilikuwa ya kiwanda cha sabuni, shirika la umma, nje kidogo ya mji. Wachezaji wote walitoka idara ya kufunga, wanawake waliofungasha miche ya sabuni kwenye makatoni tangu asubuhi, halafu jioni mazoezini. Nilipokagua kucha zao nilikuta zimelainika na kupasuka kwa magadi, hazikuhitaji wembe. Majina yao sijasahau: Oresta Mapunda, Fausta Nyoni, Hadija Rashidi, Yustina Ndunguru, Tamasha Hyera, Blandina Luambano, na mfungaji wao Anastazia Haule. Huyu Anastazia alikuwa jirani yangu wa zamani Mfaranyaki kabla hajapewa nyumba ya kiwanda. Mjane, watoto watatu, mdomo mkali. Akiwa chini ya goli alimwambia mlinzi wake, "Dada, sogea kidogo, unanizibia upepo," na huku anafunga.

Halafu zikaja zile nyakati tulizoziita za ruksa. Maduka ya Mfaranyaki yaliyokuwa na chumvi na viberiti yakajaa vitu vya nje. Sabuni zikaja za rangi ya waridi, za kijani, zinanukia hata zikiwa ndani ya karatasi. Watu wakaacha mche wetu wa kahawia. Nisiseme uongo, hata mimi nilinunua ya waridi. Kiwandani mitambo ikaanza kusimama siku mbili, siku tatu, na tukasikia neno jipya, kupunguzwa. Kabla ya hapo tulijua kuajiriwa, kuhamishwa na kustaafu. Kupunguzwa tulikuwa hatukujui.

Mwaka ule fainali ya kombe la mkoa ilikuwa kati ya kiwanda cha sabuni na timu ya wauguzi. Siku moja kabla, Meneja Utumishi wa kiwanda, Bwana Elifuraha Shayo, alikuja ofisini kwetu. Alikuwa mtu mpole, mgeni kutoka kaskazini, kila mara na kalamu mfukoni. Nilikuwa naosha vikombe.

"Mama, umesikia habari za kiwandani?"

"Nimesikia, bwana."

"Idara ya kufunga inaondoka yote. Mwekezaji anayekinunua kiwanda haitaki. Ila nimewapigania wale mabinti wa timu. Wakuu wamekubali kwamba wakichukua kombe watakwenda mashindano ya kanda kwa jina la kiwanda, na wote watabaki kazini. Wakikosa, wanaondoka na wenzao."

Nikaweka kikombe chini. "Wao wanajua?"

"Nimewaambia asubuhi hii."

"Sasa bwana, mimi unataka nifanye nini?"

Akashtuka kabisa. "Sijakuambia ufanye kitu, mama. Nimekueleza hali ilivyo." Akashukuru kwa chai ambayo sikuwa nimempa, akaondoka.

Nilimwambia Bwana Ngonyani, nikamwomba anitoe kwenye mechi ile. Alisema waamuzi wenye sifa ya fainali mkoa mzima ni mimi na Zainabu, na kwamba wote wawili tulikuwa tumeshasikia. Hilo lilikuwa kweli. Mji mzima ulikuwa umesikia.

Kesho yake watu walijaa hadi wakakanyaga mistari. Wafanyakazi wa kiwandani walikuja na ndoo wakazigeuza ngoma. Wachezaji wa sabuni walipopanga mstari wa kukaguliwa kucha, hakuna aliyetania. Anastazia alininyooshea mikono.

"Shikamoo dada Skola," akasema. Siku zote alikuwa akiniita refa, kwa kunichokoza.

"Marahaba, mdogo wangu. Vua rozari."

Mchezo ulikwenda goli kwa goli. Wauguzi hawakuwa na shida ya kazi, walicheza kwa raha, na anayecheza kwa raha ni mgumu kumshinda. Nilipopuliza dhidi ya sabuni, walio pembeni walinipigia kelele: "Refa, umelishwa uji wa wodini!" Nilipopuliza dhidi ya wauguzi, upande mwingine wakajibu: "Refa, umeahidiwa mche!" Hayo yalikuwa ya kawaida. Robo ya mwisho ikafika ukingoni matokeo yakiwa sawa, mpira ukiwa kwenye nusu yangu.

Yustina alimtupia Anastazia pasi ya juu. Akaruka, akaudaka, akatua kwa mguu wa kushoto ndani ya duara. Mlinzi akamnyanyulia mikono. Anastazia akapiga hatua kwa wa kulia, akaunyanyua wa kushoto, akajivuta nyuma apate nafasi. Na mguu wa kushoto ukarudi chini. Ukakanyaga, kisigino na vidole, vumbi likatoka. Mpira ulikuwa bado mikononi mwake.

Uwanja mzima ulilipuka. Mpira ulikuwa umeingia. Wanasema lilikuwa goli zuri kuliko yote waliyowahi kuona Songea, limepita katikati ya pete bila kugusa chuma. Mimi sikuliona. Mimi niliona mguu, na filimbi ilikuwa imeshalia.

Nilionyesha kwa mikono, hatua, mpira kwa wauguzi. Kelele zikakatika, kisha ndoo zikaanza kutupwa. Anastazia alinitazama tu, mikono bado iko juu. Wauguzi wakapiga pasi huru, mpira ukavuka kati, ukaingia nusu ya Zainabu, ukafungwa. Mtunza saa akamaliza mchezo.

Tulikaa chumba cha stoo na Zainabu mpaka watu walipotawanyika. Alikuwa anafuta vumbi miguuni, hanitazami.

"Wallahi Skola, kama nusu ile ingekuwa yangu, ningefumba macho."

"Uliuona?"

"Niliuona toka kule kwangu. Nikamwomba Mungu wewe usiuone."

Bwana Ngonyani akaingia, akakunja bendera iliyobaki uwanjani. "Umepuliza sawasawa, mama," akasema. Halafu akanishika bega. "Pole."

Mwisho wa mwezi idara ya kufunga iliondolewa yote na wale saba ndani yake. Nyumba za kiwanda wakatakiwa kuzihama. Niliona matoroli yakipita na vitanda na masufuria, na Oresta Mapunda akivuta mbuzi. Hakuna aliyenitukana. Ningeomba wanitukane. Jumuiya yetu ilisali kwa zamu nyumba hadi nyumba, na zamu yangu ilipofika nilipika togwa, nikapanga viti vya kuazima. Alikuja katekista na mama mmoja kiziwi. Tukasali watatu, viti vingine vikitutazama.

Mnataka kujua kama kombe lingewaokoa kweli? Sijui. Mwekezaji hakutengeneza sabuni hata mche mmoja. Majengo akayafanya ghala la mahindi, na Bwana Shayo mwenyewe akapunguzwa kabla mvua hazijaanza. Alinikuta sokoni akaniambia kwa upole wake, "Unaona mama, mambo yalikuwa yaishie pale pale." Alidhani ananifariji. Lakini wale wanawake waliambiwa kwamba kazi yao iko kwenye pete ile, na wakaiweka pale, na mimi ndiye niliyeitoa. Yaliyoamuliwa kwenye ofisi za wakuu hawakuyaona. Mimi walinisikia wote.

Nikaendelea na kazi. Nilipuliza Mbinga, Namtumbo, Tunduru, na mara moja hata Njombe. Timu zikapungua kadiri mashirika yalivyofungwa, mpaka zikabaki za shule na za walimu. Magoti yakaanza kulia, nikastaafu uhudumu na filimbi kwa pamoja. Afisa aliyekuwepo wakati huo, kijana asiyemjua Bwana Ngonyani hata kwa jina, alinipa kitenge na risala fupi akisema nilitenda haki bila upendeleo. Watu wakapiga makofi. Niliona aibu, na sikuweza kumweleza mtoto wa watu kwa nini.

Baada ya hapo Zainabu alifariki kwao, kijiji cha Namasakata. Nikapanda basi kwenda kuhani. Tulipoingia wilaya ya Tunduru basi likasimama kituoni, wauzaji wakakimbilia madirishani, nikashuka kunyoosha magoti. Mwanamke mmoja hakukimbia. Alikuwa amekaa kwenye kigoda nyuma ya beseni la karanga, na abiria walimfuata wenyewe, maana alimwekea kila mtu nyongeza kubwa, konzi nzima juu ya kipimo, huku akiwatania. Nikamjua kwa sauti.

"Shikamoo dada Skola."

"Marahaba, Anastazia. Ni wewe?"

"Ni mimi. Umezeeka, refa."

"Watoto hawajambo?"

"Mmoja yupo. Wawili niliwazika huku huku."

Nikampa pole. Akaendelea kupekua karanga, anatoa mbovu. Dereva akaanza kupiga honi.

"Anastazia, siku ile..."

"Mguu uliteremka," akanikatiza. "Nilijua kabla hujapuliza. Ungekuwa umekosea, dada, ningekusamehe jioni ile ile."

Nikamwomba anipimie karanga za njiani. Akachota kopo, akalifuta juu kwa kiganja mpaka likawa sawasawa na ukingo, akanimiminia kwenye mfuko, akaufunga. Nyongeza hakuniwekea. Nami sikuomba.