Nani Aliunga Nyaya za Tela la Mizinga

Mafundi wenzake walimwita Fyuzi, kwa sababu alikuwa haungui ovyo, lakini akiungua, gari zima linasimama. Alikuwa fundi umeme wa magari. Miaka kumi na moja alifanya kazi kwenye gereji ya shemeji yake, kaka mkubwa wa mumewe, na katika miaka yote hiyo hakuna gari lililorudi kwa kosa la mkono wake. Kosa lililomfukuza lilikuwa la mkono wa mwingine.

Siku ile alikuwa kitandani na homa. Gerejini akaja mfuga nyuki na gari jipya, akitaka kufungiwa chuma cha kuvutia tela ili abebe mizinga yake. Chuma chenyewe si shida: unashusha bampa, unakaza boliti, unarudisha bampa. Shida ni taa za tela. Zamani ulikata waya wa taa ya nyuma, ukaunga na wa tela, mambo yakaisha. Gari la siku hizi halikubali. Taa zake zinatawaliwa na kompyuta ndogo inayopima umeme wa kila balbu. Ukiitwika na taa za tela, inakata umeme, au inaungua kabisa. Kwa hiyo tela hupewa kisanduku chake, kinachosikiliza taa za gari bila kuzinyonya, na umeme wake unatoka moja kwa moja kwenye betri kupitia fyuzi. Ni kazi ya siku nzima. Shemeji aliimaliza kwa saa moja na nusu, kwa vile vibanio vya plastiki vinavyouma waya kwa meno.

Giza lilipoanza kuingia, kwenye mteremko wa sokoni, taa za tela zikazimika. Seremala mmoja aliyekuwa nyuma kwa baiskeli hakuona kwamba gari limeshika breki, akalivaa tela. Mguu wake ulivunjika mahali pawili, mzinga mmoja ukapasuka, na akalala pale chini huku nyuki wakimfanya walivyotaka.

Polisi walivikuta vibanio vimeyeyuka ndani ya buti la gari. Wakaja gerejini kuuliza nani aliunga. Shemeji akajibu bila kupepesa macho, "Umeme wote hapa ni wa mke wa mdogo wangu."

Kwenye kikao cha familia Fyuzi alisema hakuwa kazini siku ile.

"Shemeji, homa inasahaulisha," akasema shemeji kwa upole, kama anayembembeleza mgonjwa. "Ulikuja asubuhi, ukaunga, ukarudi kulala."

Fyuzi akamgeukia mumewe, ambaye asubuhi ile ndiye aliyekuwa akimwekea kitambaa cha maji kwenye paji la uso. Mumewe akaangalia miguu ya meza. Kaka yake ndiye aliyemsomesha.

Kesi haikufika mbali, lakini jina lilishaharibika. Gereji ile hakurudi, na nyingine hazikumtaka. Seremala alikaa mtaa mmoja na Fyuzi. Kila asubuhi alipita mbele ya geti la Fyuzi akitembelea gongo, na akifika hapo aligeuza uso kuelekea ukuta wa upande wa pili mpaka apite.

Fyuzi hakulia. Mumewe alipomwambia amwachie Mungu, alijibu, "Nitamwachia nikishamaliza mimi."

Akarudi darasani. Miaka miwili alisoma umeme wa magari mapya, amekaa na watu wenye umri wa wanawe, akafanya mtihani, akapata kazi ya ukaguzi kwenye kituo ambacho kila gari lenye tela lilipaswa kupita kabla ya kuruhusiwa barabarani. Akaomba mwenyewe apewe njia ya matela. Hakuna aliyeitaka, maana kutwa nzima ni kuinama na kumeza vumbi. Mkuu wa kituo akamtazama kwa wasiwasi.

"Gereji ile ya barabara kuu si ya ndugu yako?"

"Ni ndugu wa mume wangu."

"Usije ukampendelea."

"Hilo halitatokea, mkuu."

Wakaguzi wengine walibonyeza breki, wakawasha indiketa, wakiona taa zinawaka wanagonga muhuri. Fyuzi alitoa zulia la buti, akafungua plastiki za pembeni, akaingiza kichwa na tochi. Gari la kwanza kutoka kwa shemeji lilikuwa na vibanio vinne. La pili vitatu, na waya wa betri usio na fyuzi. La tatu, waya wa kurudisha umeme kwenye bodi ulikuwa umefungwa juu ya rangi, ambako haugusi chuma. Yote aliyarudisha, akiandika sababu kwa mwandiko wa mwalimu wa darasa la kwanza, na jina la gereji kwa herufi kubwa.

"Lakini mama, si taa zinawaka?" wenye magari walilalamika.

"Zinawaka leo," alisema. "Mwulize fundi wako kuhusu kesho."

Mwaka mmoja na nusu, magari kumi na tisa. Hakuandika uongo hata herufi moja, na hilo ndilo lililomfurahisha zaidi. Kila alipoandika jina la gereji alisikia joto kifuani, kama mtu aliyekunywa kitu cha moto siku ya baridi. Wateja wakaanza kuhama. Shemeji akampigia mdogo wake simu, na mume akaleta ujumbe mezani, akiuzungusha mdomoni kwanza.

"Kaka anasema unamuua."

"Mwambie aunge nyaya vizuri, atafufuka."

Gari la ishirini alilileta shemeji mwenyewe, tela nyuma, mteja kakaa pembeni yake. Fyuzi akafungua buti. Waya mnene ulitoka kwenye betri, na fyuzi yake karibu kabisa na betri. Kisanduku kilikuwepo, kimekazwa mahali pakavu. Waya wa bodi ulifungwa kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi mpaka kikang'aa, kikapakwa grisi. Hata kompyuta ya gari ilishafundishwa kwamba kuna tela: aliporudisha gari nyuma, vile vipima umbali vya bampa havikupiga kelele, na alipochomoa balbu moja ya tela, onyo likatokea mbele ya dereva. Alitafuta saa nzima. Hakupata kitu.

Shemeji alisimama, mikono nyuma. "Nilijifunza, shemeji," alisema polepole.

Fyuzi alijisikia kama ameibiwa. Akaingiza kichwa tena ndani ya buti, mahali asipoonekana na mtu, akaweka spana kwenye boliti ya waya wa bodi. Nusu mzunguko tu, taa zitaanza kupepesa, na gari litarudi. Nani angemshuku, baada ya kweli kumi na tisa? Akazungusha. Boliti ikalegea. Ndipo akajiona: kichwa ndani ya buti la mtu, anatengeneza kosa ambalo atambandikia mwingine. Akaikaza tena, akaikaza kuliko ilivyokuwa. Haikuwa huruma. Hakutaka siku moja yule bwana awe na ukweli wa kusema juu yake.

Akatoka, akagonga muhuri, akampa karatasi. Kwenye benchi walikaa madereva saba au wanane wakisubiri zamu, na sauti yake akaipandisha makusudi.

"Umepita. Kazi safi. Nimetafuta kosa saa nzima nimelikosa."

"Ahsante, shemeji."

"Kumbe ulikuwa unaweza. Sasa niambie kitu kimoja. Nani aliunga nyaya za tela la mizinga?"

Shemeji akakunja karatasi. "Hayo si ya hapa."

"Nyaya za mfuga nyuki ziliumwa na vibanio. Magari kumi na tisa ya gereji yako nimeyarudisha kwa mkono huu, na kumi na manne yalikuwa na vibanio vilevile. Mimi nina miaka minne sijakanyaga kwako. Nani anaviweka?"

Mteja wake alishageuka kumtazama. Kwenye benchi, dereva mmoja aliyekuwa amerudishwa mara mbili kwa sababu ya gereji hiyohiyo akasema, "Jibu, mzee. Hata sisi tunataka kujua."

Njia ya mwongo ni fupi, na yake ilikuwa imefika ukutani. Shemeji alipangusa jasho kwa ile karatasi ya muhuri.

"Mimi," alisema. "Niliunga mimi. Yeye alikuwa nyumbani."

Habari ilifika mtaani kabla Fyuzi hajavua sare. Kesho yake asubuhi seremala alisimama getini, safari hii uso ukiwa upande wake.

"Miaka minne nimekuchukia wewe," alisema. "Nilikuwa nimeshazoea."

"Mchukie yeye."

"Ndiko ninakokwenda."

Na kweli alikwenda. Alijitengenezea kigoda kizuri cha mbao ngumu, akakiweka ng'ambo ya barabara, mkabala na gereji, na kila mteja aliyeingia alimwonyesha mguu wake na kumweleza ulivyovunjika. Hakuna sheria iliyomzuia kukaa. Haukupita mwaka, nusu ya gereji ikakodishwa kwa muuza matairi.

Mume aliomba msamaha chumbani, kwa maneno mengi. Fyuzi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamuuliza miguu ya meza ilikuwa na nini siku ile. Waliendelea kuishi pamoja, lakini tangu hapo mume akawa ndiye anayepunguza sauti kwanza.

Jumapili moja shemeji akaja nyumbani, amekonda, kofia mkononi. Akasema amekosa, akasema shetani, akasema uzee. Mumewe akainuka kumvutia kiti.

"Nimekusikia, shemeji," alisema Fyuzi, na akaendelea kupiga pasi sare yake ya kazi.