Mstari wa Chaki Mlangoni mwa Stoo

Juzi sokoni Tala, kwenye lundo la viatu vya mitumba, nilinusa ngozi kuukuu iliyokunywa jasho la watu, nikajua kabla hata sijaiona kwamba ni glavu ya besiboli. Muuzaji aliniambia ni ya kuepulia sufuria. Hasira ilinipanda palepale, mtu mzima mimi, na miwani ya kusomea puani.

Nikiwa darasa la saba, mwalimu wetu wa michezo, mwanamume mfupi mwenye sauti kubwa, alirudi kutoka semina na glavu kama ile, pamoja na imani moja: mpira haupati kasi ila mrushaji awe mrefu. Akachora mstari wa chaki kwenye mlango wa stoo. Ambaye kichwa chake kingeufikia angekuwa mrushaji wetu kwenye mashindano ya tarafa. Nilisimama pale na nywele nilizokataa kunyolewa wiki tatu nzima. Nilipungukiwa na upana wa vidole vinne.

Lakini mimi ndiye niliyelinda mtama wa mama kule Muthetheni. Jumamosi kutwa niliwarushia ndege mabonge ya udongo hadi bega likawaka moto, na hakuna ndege aliyewahi kuniuliza urefu wangu.

Nikaomba nishindanishwe na Mutheu, msichana aliyeufikia mstari. Tukarusha kwenye mlango uleule wa mabati. Mpira wake ulibisha hodi kama mgeni mwenye adabu. Wangu uliutikisa mlango hadi kuku wa mpishi wakatawanyika.

Mutheu, aliyeogopa mpira kuliko nyoka, akasema, "Mwalimu, huyu ananishinda. Si umpe yeye tu?"

"Wewe ni mrefu," mwalimu akamjibu. "Utazoea."

Hakuzoea. Alirusha akiwa amefumba macho, tukashindwa kabla ya chakula cha mchana. Mwalimu alituambia mwaka ujao angetafuta mrefu zaidi.

Mkono mrefu husaidia, sikatai. Nimesoma vya kutosha kulijua hilo. Ila kasi hutoka pia miguuni, kiunoni, na kwenye Jumamosi nyingi za mtama.

Mwaka jana tulimzika mwalimu. Kaka yake alisimulia jinsi marehemu alivyokwenda mara tatu kutafuta kazi ya polisi, akawashinda wote mbio, na mara zote tatu akarudishwa nyumbani na kijiti cha kupimia urefu.

Kumbe alijua. Alijua vilivyo jinsi inavyouma, na bado akachukua chaki.

Mama mmoja kando yangu alinipa kitambaa, akaninong'oneza nijikaze. Nilikipokea nikajifuta. Ningemwambiaje, mbele ya jeneza, kwamba bado nautaka ule mpira?