Mara Kumi kwa Sekunde

Kazini walimwita Mama Sekunde, na jina hilo alilipenda kuliko alivyokubali. Kwa miaka ishirini aliandika programu za magari ya vita, na aliyojivunia zaidi ilikuwa kipande kimoja kifupi tu. Kilitazama mzinga ulipo mara kumi kwa sekunde, na ukikaribia mlango wa dereva, kiliusimamisha. Hakuna dereva aliyewahi kuguswa.

Yalipoagizwa magari mapya, mkuu wa karakana hakutaka kusikia habari za kuandika upya.

"Chukua kile kile chako, mama. Kimeshakomaa."

Sifa zikamvimbisha kichwa, tusimfiche. Mota mpya za kuzungusha mzinga zilikuwa bado njiani, basi akakijaribu mezani kwa mota ya zamani, ile inayojikokota. Kikafaulu, akatia sahihi. Kwamba kilitegemea mzinga wa polepole, hakuwahi kuandika popote. Alikuwa na jambo hilo kichwani, na siku hiyo kichwa hakikuwa na nafasi.

Mota mpya zilizungusha mzinga kwa kasi mara tatu ya ile ya zamani. Siku ya majaribio uwanjani, kipande kilitazama kikaona mzinga uko mbali; kilipotazama tena, umeshapita mlangoni. Dereva alikuwa ametoa mkono nje. Alikuwa mtoto wa mdogo wake Mama Sekunde, na yeye mwenyewe ndiye aliyemhangaikia mpaka akapata nafasi kwenye gari hilo.

Tume ya uchunguzi ikaandika kwamba dereva alizembea, kwa hiyo aachishwe jeshi.

"Yamekwisha hayo," mkuu wa karakana akamnong'oneza Mama Sekunde. "Funga mdomo, ustaafu salama."

Alimkuta kijana ameketi kwenye kitanda cha hospitali, mkono mmoja wa shati, mtupu, umekunjwa na kubanwa kwa pini.

"Usilie, mama mkubwa. Kosa langu. Nilijua programu yako itausimamisha, nikajisahau."

Ilikuwa rahisi sana kunyamaza.

"Hukukosea," akasema. "Nimekosea mimi. Kesho nakwenda kuiambia tume."

Kijana hakumlaumu. Aliuliza, "Na yale magari yaliyotoka juzi kwenda mpakani? Yana kipande hicho hicho?"

Yalikuwa thelathini na sita. Siku zote hizo Mama Sekunde alikuwa amemlilia dereva mmoja.