Muuguzi wa Muyinga na Sikio la Mdogo Wangu

Jumanne asubuhi, nikiwa nimeinamia cherehani yangu hapa Nyamugari, nilipigiwa simu kutoka Muyinga nikaambiwa kwamba muuguzi mzee wa kituo cha afya kilichokuwa karibu na nyumba yetu ya kwanza amefariki. Alikuwa amestaafu zamani, na sidhani kama redio itamtaja. Nilifunga mlango, nikampigia mdogo wangu wa mwisho, ambaye sasa ni mwalimu wa shule ya msingi huko Bukirasazi. Nilipomweleza aliuliza, "Basi linaondoka saa ngapi?" Kesho yake tulikuwa Muyinga.

Wanaonisoma wanajua kwamba tulirudi kutoka ukimbizini Tanzania bila wazazi, mimi na wadogo zangu wanne, na kwamba shule niliiacha kule kambini ili wao wapate mtu wa kuwapikia. Habari ya huyu wa mwisho sijawahi kuieleza. Tulipomwandikisha shule Muyinga alikuwa na miaka tisa. Nyumbani tulizungumza Kiswahili tulichokulia, naye alijibu vizuri mradi awe ananitazama. Sikuona ajabu, kwa kuwa mtoto humtazama anayemsemesha. Darasani, ambako mwalimu alisema Kirundi huku ameuelekea ubao, alikaa kama kisiki. Mwalimu akasema ni lugha. Majirani nao wakasema ni lugha, maana watoto wengi waliotoka Tanzania walikuwa na shida hiyo kweli. Basi nikakataza Kiswahili wakati wa kula, naye akaacha kuzungumza kabisa. Siku moja nilimwita mara tatu kwa Kirundi akiwa amenipa mgongo, anasugua sufuria. Hakugeuka. Nikampiga kofi. Wiki hiyohiyo nilikwenda kumwambia mkuu wa shule kwamba namtoa, aje ashike jembe kama wenzake. Tulizungumzia uani, kwa Kiswahili, mtoto akiwa amesimama mbali kidogo barazani. Mkuu akasema nirudi Jumatatu tufute jina.

Jumamosi sikio lake la kulia likatoa usaha. Nilikuwa nimeshamtia mafuta ya mawese ya moto pamoja na maji ya majani, kama walivyofanya mama zetu, lakini harufu ilizidi nikampeleka kituoni. Muuguzi alimulika tochi ndani, akainua kichwa. "Nani amemimina mafuta humu?"

"Mimi, muganga."

"We unakaanga sikio? Sasa ungeleta na kitunguu!" Akina mama waliokuwa kwenye benchi wakacheka. Kisha akauliza, bila mzaha, kama mtoto anasikia.

"Anasikia. Ila Kirundi ndicho kinamshinda."

"Kirundi kinamushinda, eh? Ngoja." Akakaa mbele yake, akamwuliza kwa Kiswahili amekula nini asubuhi. "Uji," akajibu mtoto. Muuguzi akaziba mdomo wake kwa daftari la wagonjwa, akauliza jambo lilelile kwa sauti ileile. Mtoto akanigeukia mimi, macho yakiomba msaada. Muuguzi akainuka, akasimama nyuma yake, akamwita kwa jina mara mbili. Mtoto aliendelea kunitazama.

"Baba wa watoto," akaniambia, kwa jina ambalo mtaa mzima ulinipa, "uyu mutoto anasikia na macho. Midomo ya Kiswahili anaijua tangu kule. Midomo ya Kirundi iko bado mupya kwake. Hapana lugha. Ni masikio, yote mbili."

Ukutani alikuwa na gunia la unga alilolipasua na kulichora mwenyewe kwa wino: jicho, pua, ulimi, ngozi, sikio. Alinivuta mkono nikaguse mchoro. Alisema sikio tunaloliona ni mlango tu. Ndani kuna njia nyembamba, mwisho wake ngozi iliyowambwa kama ngoma, na nyuma ya ngoma vifupa vitatu, vidogo kuliko mifupa yote mwilini, vinavyopokezana mtikisiko mpaka kwenye kitu kilichojikunja kama konokono, ambako mishipa huupeleka kwenye ubongo. Ngoma ikitoboka, au nyuma yake pakijaa usaha, vile vifupa haviwezi kufanya kazi yao. Alimsafisha, akanifundisha kukausha sikio kwa kitambaa kilichosokotwa, akampa dawa, akaandika karatasi ya kwenda hospitali ya Gitega. Jumatatu nilikwenda shule kuomba benchi la mbele. Sikio la kulia lilipona. La kushoto ni zito mpaka leo.

Alikuwa hivyo kwa kila mtu. Mkulima mmoja alilalamika pale kituoni kwamba mkewe siku hizi anapika maharage yasiyo na ladha, na ameanza kumfikiria vibaya. Muuguzi alimbana pua, akamtafunisha kitunguu. "Unasikia nini?" "Maji tu." "Basi omba mama msamaha. Ulimi unatambua chumvi na sukari, lakini ladha nyingi inapita puani, na yako imeziba." Nimefikiri sana juu ya hilo. Miaka ile ya kurudi kila tatizo lilikuwa na jibu tayari: huyu ametoka Tanzania, yule hakukimbia, wale ni wa mjini. Muuguzi yule aliyajua majibu hayo yote, lakini alianza kwa kuwasha tochi.

Tulipotoka makaburini nilimwambia mdogo wangu jambo nililolificha miaka yote: kwamba nilishaamua kumtoa shule, na kwamba kama si usaha wa Jumamosi ile asingekuwa mwalimu.

"Najua, kaka," akasema. "Mlikuwa uani na mkuu. Nilisoma midomo yako."

"Mbona hukuniambia kitu?"

"Ulikuwa umekataza Kiswahili. Kirundi cha kukusihi sikuwa nacho."

Ndugu wasomaji, mnaolea watoto wenu au wa marehemu, msidhani kwamba aliyenyamaza hajui mnachomwamulia. Mwacheni aseme kwa lugha aliyo nayo, kabla hamjaamua.