Kipande cha Mtungi wa Njano Kiko Chini ya Kitanda Changu

Admin, nakuomba jina langu lisionekane popote, kwa sababu mume wangu huisoma page hii akiwa kwa kinyozi. Mimi ni mama wa miaka thelathini na nne, Mkamba niliyeolewa na Mmaasai. Tunaishi Kitengela, niko na saluni ndogo na watoto wawili. Ndoa yangu haina shida. Shida ni mimi.

Mume wangu ana gari la turbo analolipenda hadi mama mkwe huliita mke mwenzangu. Mwaka jana liligongana na punda wa kubeba maji. Punda akaenda zake, lakini gari likavunjika mbele, pamoja na boksi la filta ya hewa. Fundi wetu, nitamwita Lekishon ingawa si jina lake, akaweka filta nyingine iliyokaa wazi nyuma ya grili. Kisha akakata mtungi wa njano wa lita ishirini, akatengeneza kinga ya kuzuia mvua na kuifunga kwa waya. Akatuita sote wawili tuone. "Turbo inavuta hewa na nguvu," akasema. "Ikivuta maji, injini imeisha. Hii kitu isitoke."

Mjue kwamba Lekishon si fundi tu. Yeye na mume wangu walitahiriwa msimu mmoja, ni rika, na ndiye aliyemsindikiza kwetu Makueni kuja kuniposa. Babangu alimpenda yeye kabla hajampenda mume wangu.

Sasa, mdogo wangu akaolewa Kajiado, na gari letu ndilo lililombeba bibi harusi. Nililipamba kwa riboni tangu asubuhi. Nikiwa hapo najivuna, msichana mmoja wa kusimamia bibi harusi akainama mbele ya grili, akaona ile njano. "Auntie, hii gari inaenda kuchota maji?" akauliza. Watu wakacheka, na mimi nikacheka nao, lakini iliniuma sana. Mimi ni mtu wa kupenda picha zitoke safi, na huo ndio ugonjwa wangu. Mume wangu alikuwa ameenda kusalimia wazee. Nikafungua boneti, nikakunjua ule waya, nikachomoa plastiki na kuificha kwenye kiondo changu chini ya leso. Nilijiambia nitairudisha picha zikiisha. Jua lilikuwa kali, na mvua haikuwa kwa mawazo ya mtu.

Picha zilitoka safi. Nikasahau.

Jioni tukirudi, tulipopita Isinya, mawingu yakafunga na tone la kwanza likapiga kioo. Hapo nikakumbuka. Kiondo kilikuwa katikati ya miguu yangu. Ningesema tu, "Baba nanii, simama." Lakini shangazi zangu wawili walikuwa nyuma wakimsifu mume wangu vile anaendesha vizuri, naye alikuwa anatabasamu, na mimi nikaona aibu kusema nimetoa kifaa cha gari kwa ajili ya picha. Nikahesabu kwamba Kitengela si mbali. Tukafika mahali maji yamekatiza barabara, lori likaja kutoka mbele na kutumwagia maji boneti yote. Gari likakohoa mara mbili, likazima.

Lekishon alikuja kutuvuta kwenye mvua hiyo hiyo. Alimulika ndani ya boneti, akaona waya unaning'inia na kinga haipo. Mume wangu akamwambia, "Ulisema haiwezi toka." Lekishon akaushika ule waya. "Labda sikukaza poa, rika yangu. Nisamehe." Mimi nilikuwa nimekaa na kiondo mapajani.

Kesho yake alitembea kwa miguu kutoka Isinya akirudi upande wa Kajiado, akichungulia mitaro, akitafuta ile plastiki aone ilikatikia wapi. Aliyenieleza ni mke wake, nikimwosha nywele saluni kwangu. Niliendelea kumwosha.

Injini haikupona, ikabidi tununue nyingine. Mume wangu alimwambia kila mtu kwamba kazi ya Lekishon ni ya kufungafunga, na maneno ya rafiki huaminiwa kuliko ya adui. Wateja wakapungua, akafunga banda lake, siku hizi ameajiriwa kwenye gereji ya mtu huko Ngong. Ni miezi mitano hawasalimiani. Kwa watu wa rika moja hilo si jambo dogo, hata baba mkwe halali vizuri.

Niliwahi kumjaribu mume wangu. Nikamuuliza, si inaweza kuwa mtu aliitoa? Akanitazama. "Nani angetoa, na tulikuwa watu wa nyumbani tu?" Nikaenda jikoni.

Wazee wameamua Jumamosi ijayo Lekishon aje kwetu kuomba msamaha. Atakuja na kondoo, na mpishi ni mimi. Jana alinipigia simu, akanisalimia takwenya, salamu ya Kimaasai kwa mwanamke, kama kawaida yake, nikaitika iko. Akasema anashukuru kwamba mimi sikuwahi kumnunia. Halafu akaniambia, "Shemeji, nimekata kinga ingine. Hii nimeweka bolti nne. Nakuja nayo Jumamosi, rika yangu aone sitarudia."

Nilisema asante. Kisha nikafunga mlango wa chumba na kutoa ile ya zamani chini ya kitanda. Haina ufa wowote. Kingo zake alizipiga msasa ili zisitukate mikono.

Nishaurini ndugu zangu, nitukaneni mkitaka, lakini nishaurini. Nimwambie mume wangu kwanza tukiwa wawili, au niiweke hiyo plastiki mbele ya wazee wote? Na nikinyamaza, nyama ya huyo kondoo nitaimeza vipi?